Mnara ulisimikwa kusi, ukang'olewa kusi: kisa cha mradi wa umeme wa upepo pwani ya Lindi

Andiko lilinifikia kwa WhatsApp Ijumaa jioni, kurasa 84, likiwa na ujumbe mmoja: "Kaka, wenzetu wanataka kusaini Jumatano. Pitia mahesabu tu, mengine yako sawa."

Nimeshapitia maandiko ya kutosha kujua kwamba mahesabu huwa yako sawa. Jedwali la Excel halikosei kujumlisha. Shida huwa kwenye zile tarakimu tano au sita zilizoingizwa mwanzoni, ambazo hakuna anayezirudia kwa sababu ziko ukurasa wa tatu na faida iko ukurasa wa sabini. Ninasimulia kisa hiki kirefu kidogo kwa sababu miradi ya upepo inazidi kuzungumzwa pwani yetu, na makosa niliyoyakuta humo nimeyakuta pia kwingine.

Wenye mradi siwataji, wala kijiji. Ni kaskazini ya Lindi mjini, njia ya kwenda Mchinga, hapo panatosha. Tarakimu za mradi wenyewe nimezisogeza kidogo ili wasitambulike, kwa hiyo mtu asizibebe akaenda kusema ndivyo upepo wa Lindi ulivyopimwa. Zichukue kama hesabu ya mfano inayofuata kisa cha kweli.

Andiko lilisema nini

Mashine 12 za upepo, kila moja megawati 4.2, jumla MW 50.4. Gharama ya kusimika: dola 1,160 kwa kila kilowati, yaani dola milioni 58.5. Mkopo wa riba ya asilimia 6 kwa miaka 25. Wastani wa kasi ya upepo: mita 7.2 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, mashine zingetoa asilimia 42 ya uwezo wake kwa mwaka mzima, yaani uniti milioni 185. Ukigawanya malipo ya mwaka ya mkopo pamoja na matunzo kwa uniti hizo, kila uniti inagharimu senti 3.3 za dola, shilingi 85 hivi kwa dola ya shilingi 2,600.

Shilingi 85! Kwa bei za TANESCO zilizoanza kutumika 2016, mteja wa kawaida wa T1 analipa shilingi 292 kabla ya kodi, na kiwanda cha T3 kinalipa zaidi ya 150. Nani asingesaini?

Kilichonishtua hakikuwa unafuu wa bei, ila kufanana kwake na kitu nilichokwisha kukiona. Senti 3.3 ndiyo wastani wa dunia uliotolewa na shirika la kimataifa la nishati jadidifu, IRENA, kwa mashine za upepo za nchi kavu zilizowashwa mwaka 2023. Na dola 1,160 kwa kilowati ni wastani huohuo wa dunia, mwaka huohuo. Wastani huo unavutwa chini na China, ambako mashine zinatengenezwa jirani, winchi zipo, na benki zinakopesha kwa riba ambayo huku hatuioti. Mwandishi wa andiko alichukua bei ya duniani akaishusha Lindi kama mtu anayesoma bei ya samaki feri ya Dar akadhani ndiyo bei ya Dodoma.

Upepo: alichokijua mzee na andiko halikukijua

Ukurasa wa 19 ulikuwa na jedwali la vipimo vya upepo. Lilikuwa na safu tatu tu: Juni, Julai, Agosti.

Nilipiga simu kuuliza miezi mingine iko wapi. Nikajibiwa kwamba mnara wa kupimia upepo ulikodishwa kwa miezi mitatu kwa sababu ya bajeti, na kwamba "data ya miezi mitatu inawakilisha." Inawakilisha nini, hilo sikupata jibu. Wiki iliyofuata nilipanda basi.

Pale kijijini tulimkuta mzee mmoja anaziba ngalawa kwa pamba na mafuta ya sifa chini ya mkorosho. Kijana wa mradi aliyenisindikiza akamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mmerudi na nguzo yenu?"

"Hapana mzee, tumekuja na mtaalamu anataka kuuliza habari za upepo."

Mzee hakuacha kuziba. "Nyie mlikuja na kusi, mkaondoka na kusi. Malelezi hamkuyaona. Sasa mnauliza nini?"

Halafu akatuhesabia mwaka wake. Kusi, upepo wa kutoka kusini, inaanza kushika Aprili, inakaza Juni mpaka Agosti, siku nyingine chombo hakitoki. Baada ya hapo demani, kusi inalegea, bahari inatulia, ndiyo miezi ya kuvua vizuri. Novemba malelezi, upepo haujulikani unatoka wapi. Disemba mpaka Februari kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, lakini "kaskazi ya huku si ya Mafia, ikifika kwetu imeshachoka." Machi shwari, joto, tanga linalala. Na ndani ya kila siku kuna mwaka mwingine mdogo: asubuhi umande, upepo wa nchi kavu, unatoka bara, mchana bahari inavuta, saa tisa mpaka saa kumi na moja upepo uko juu, magharibi ukiadhini unaanza kufa.

Neno lake juu ya kaskazi lina historia ndefu kuliko mzee mwenyewe. Majahazi ya Uarabuni na Ghuba ya Uajemi yalikuwa yakishuka na kaskazi na kurudi na kusi, na Kilwa ndiyo iliyokuwa mwisho wa mahali pa kufika na kurudi ndani ya msimu mmoja. Ukipita hapo, upepo wa kukushusha unakuwa haba na unaweza kulala mwaka mzima ukisubiri. Mji ule ulitajirika kwa sehemu kutokana na mpaka huo wa upepo. Sisi tulikuwa tunataka kujenga kusini ya mpaka.

Kwa nini miezi tisa iliyokosekana ni jambo kubwa hivyo? Kwa sababu nguvu ya upepo haiendi sambamba na kasi yake. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nane. Kwa hiyo na upungufu nao unauma hivyohivyo. Wenye mradi walikubali, kwa manung'uniko, kurudisha mnara, safari hii wa mita 60, ukae miezi 14. (Jumatano ya kusaini ilipita na dunia haikuisha.) Wastani wa mwaka mzima, ukipandishwa hadi kimo cha mashine, ulitoka mita 6.3 badala ya 7.2. Kwa macho ni tofauti ya chini ya mita moja, sawa na asilimia 12 na nusu. Kwa nguvu iliyomo kwenye upepo ni theluthi nzima imeondoka.

Ongeza na vidogovidogo. Hewa ya nyuzi joto 30 ni nyepesi kwa asilimia 5 hivi kuliko hewa ya nyuzi 15 ambayo watengenezaji huitumia kuchora majedwali yao. Mashine ya mbele inaipokonya upepo ile ya nyuma yake. Umeme unapotea njiani. Matengenezo yanataka mashine isimame. Mwisho wa yote asilimia 42 ilishuka hadi 29. Asilimia 29 siyo aibu, kuna mashamba ya upepo mengi duniani yanaishi na hiyo. Lakini uniti milioni 185 zimekuwa milioni 128, na deni halikupungua hata senti.

Tulipouteremsha mnara kubadilisha vipimo mwezi wa kumi na nne, fundi alinipa nati moja kiganjani. Ilikuwa imevimba kwa kutu mpaka spana haikai. Nati ya kupakwa zinki, miezi 14 tu. Mtu yeyote mwenye nyumba ya bati Lindi anajua chumvi inafanya nini, ila andiko lilikuwa limeweka gharama za matunzo zilezile za mashine iliyosimama shambani bara. Nilizipandisha kutoka dola 30 hadi 45 kwa kilowati kwa mwaka.

Riba, winchi na kona ya Mikindani

Hapa sasa ndipo mahesabu yenyewe. Nilibadilisha kitu kimoja kimoja ili wenye mradi waone ni kipi kinawaumiza.

Kwanza riba. Mtambo wa dizeli unaununua rahisi halafu unalia na mafuta miaka yote. Mashine ya upepo haili kitu, lakini karibu gharama yake yote unailipa kabla haijazunguka hata mara moja, na unailipa kwa fedha za kukopa. Kwa hiyo riba ndiyo dizeli ya upepo. Asilimia 6 kwa miaka 25 ni masharti ya mradi wenye dhamana ya serikali au taasisi ya maendeleo nyuma yake, na huu haukuwa na chochote. Niliweka asilimia 11 kwa miaka 20, nikichanganya mkopo wa dola na faida ambayo wenye hisa wenyewe walisema wanaitaka. Malipo ya mwaka yakatoka dola milioni 4.6 hadi 7.3. Uniti ikatoka senti 3.3 hadi 4.8, na bado sijagusa upepo wala chuma.

Pili gharama ya kusimika. Panga moja la mashine ya ukubwa huu lina urefu wa mita 66 hivi, kipande kimoja, halikunjwi. Bandari ya Mtwara ina kina kizuri na gati jipya la mita 300, kushusha si tatizo. Tatizo linaanza ukitoka getini. Nilisimama Mikindani, pale barabara inapoizunguka ghuba, nikatazama malori ya korosho yakipishana kwa tabu, nikajiuliza trela la mita 70 litapindaje bila kubomoa ukuta wa mtu. Linaweza, kuna matrela yanayoinua panga juu kama mkuki, lakini hayo nayo yanakodishwa. Halafu Mnazi Mmoja, halafu Lindi mjini, halafu juu. Winchi ya kunyanyua kichwa cha mashine mita 100 haipo Lindi wala Mtwara, inaletwa, na siku zote inapokuwa njiani, bila kunyanyua kitu, inalipiwa.

Na waya. Kutoka eneo la mradi hadi kituo cha kupoza umeme cha Mahumbika ni zaidi ya kilomita 40. Andiko liliandika: "miundombinu ya kusafirisha umeme itatolewa na mamlaka husika." Sentensi hiyo moja ingetosha kuuzika mradi. Wakenya wanaijua. Mashine 365 za Turkana, MW 310, zilikuwa zimeshasimama mwanzoni mwa 2017, lakini laini ya zaidi ya kilomita 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa ilikamilika Septemba 2018. Upepo wa Turkana ni wa kuonewa wivu, na bado serikali ilijikuta inadaiwa fidia kwa umeme ambao haukuwa na njia ya kupita. Niliiingiza laini ndani ya mradi, pamoja na barabara, winchi na akiba ya vipuri. Dola 1,160 zikawa 1,700 kwa kilowati, jumla dola milioni 85.7. Pamoja na matunzo mapya, uniti ikafika senti 7.0.

Tatu nikaingiza upepo wa mwaka mzima badala ya upepo wa kusi. Senti 10.2. Shilingi 265.

Kwa hiyo umeme wa shilingi 85 umekuwa wa shilingi 265, na huo ni wa kwenye mashine, haujapita kwenye nguzo ya mtu yeyote. Mwekezaji mmoja aliniuliza kama nimeajiriwa na washindani wake. Nilimwambia kosa la upepo ndilo lililomtia hasira zaidi, kumbe lingerekebishwa peke yake lisingemuua. Yalikuwa matatu, na kila moja lilikuwa limebebwa mgongoni na mwenzake.

Kuhusu shilingi na dola nitasema kidogo. Mwanzoni mwa 2022 dola ilikuwa shilingi 2,300 hivi, katikati ya 2024 ilikuwa imevuka 2,600. Deni ni la dola, mteja analipa shilingi. Mkataba usiofunga bei ya umeme kwenye dola unamwachia mwenye mradi mzigo huo, na ukiifunga unamwachia mnunuzi. Hakuna namna ya tatu niliyoiona ikifanya kazi.

Mnunuzi, na jirani aliyeko chini ya ardhi

Lakini hata senti 10.2 haikuwa hoja yangu kuu. Hoja ilikuwa ukurasa wa 44, kwenye kichwa "Soko," ambapo andiko lilisema mahitaji ya umeme Tanzania yanakua, hivyo soko lipo. Soko la Tanzania lipo, ndiyo. Umeme lakini hausafiri kwa matumaini. Kwa miaka mingi Mtwara na Lindi zimeishi na mtandao wao wenyewe, nje ya gridi ya Taifa, zikilishwa na mitambo ya gesi ya Mtwara. Mitambo hiyo ilikaa kwenye MW 18 muda mrefu, baadaye ikaongezwa kidogokidogo. Kwenye mtandao wa kimo hicho unataka kuleta mgeni wa MW 50, anayekuja saa tisa mchana na kuondoka magharibi, wakati watu wanawasha taa na luninga saa moja usiku? Mchana wa Julai ungemwambia azime mashine, usiku wa Machi ungemtafuta usimwone. Njia ya kilovoti 220 iliyopangwa kutoka Songea kupitia Tunduru na Masasi hadi Mahumbika ndiyo ya kuufungua mlango huo, kwa hiyo mradi ulipaswa kuandikwa ukiisubiri. Andiko halikuitaja hata mara moja.

Andiko liliahidi pia "kumaliza kero ya kukatika kwa umeme Kusini." Nyumba ninayofikia Lindi, mara ya mwisho umeme ulikatika kwa sababu kuti la mnazi lilidondokea waya. Sijui mashine ya upepo ingelisaidiaje kuti lile.

Sasa tuje kwa jirani. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982. Ya kwanza inapelekwa Dar es Salaam tangu 2004, ya pili iliungwa na bomba kubwa la Madimba hadi Dar 2015. Mwenye kuuza umeme wa upepo Lindi hashindani na bei anayolipa mwananchi kwa luku. Mitambo ya gesi iko tayari, imeshanunuliwa, na bado itahitajika usiku na wakati wa malelezi, kwa hiyo upepo hauiondoi. Unachookoa ni gesi tu ambayo haikuchomwa saa zile upepo ulipovuma.

Inagharimu kiasi gani gesi hiyo? Injini ya gesi inakula BTU (kipimo cha joto) 9,000 hivi kwa uniti moja. Tukiweka gesi kwa dola 5 kwa kila BTU milioni, uniti moja ina gesi ya senti 4.5. Hiyo ndiyo bei ya juu kabisa ambayo mnunuzi mwenye akili timamu angelipa, na mradi unaomba 10.2. Nilijaribu kuwa mkarimu: nikarudisha riba ya asilimia 6 kwa miaka 25, nikashusha ujenzi hadi dola 1,500 kwa kilowati, upepo nikauacha ulivyopimwa. Ikatoka senti 6.4. Bado.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba bei ya upepo wa Lindi haipangwi na upepo. Inapangwa na gesi. Badilisha tarakimu moja tu, bei ya gesi, iwe dola 8 badala ya 5, na gesi ya kila uniti inakuwa senti 7.2. Mradi uleule, mnara uleule, nati ileile yenye kutu, unaanza kusimama, ilimradi mkopo uwe nafuu.

Na nini kinaweza kuipandisha gesi? Ukitoka mjini kwenda eneo la mradi unapita njia ya Likong'o, mahali palipotengwa kwa kiwanda cha kusindika gesi asilia iwe kimiminika kwa ajili ya kuuza nje. Watu wengi huuona mradi ule kama adui wa nishati jadidifu. Kwa hesabu yangu ni kinyume. Siku gesi yetu itakapokuwa na mteja anayelipa bei ya dunia, kila futi ya ujazo tunayoichoma hapa kuwasha feni itakuwa na gharama ya kile tulichoacha kuuza. Kweli, gesi ya Likong'o ni ya kina kirefu baharini na ya Mnazi Bay ni ya karibu, si kisima kimoja. Lakini visima vya karibu navyo vinazeeka, na gesi ya akiba inapopungua bei yake ya kweli hupanda hata kama bei ya mkataba imelala.

Kuna jambo la pili ambalo andiko lilikuwa nalo mkononi likalitupa. Kusi inakaza wakati mvua zimekatika. Bwawa la Julius Nyerere, mashine tisa za MW 235, jumla MW 2,115, linajaa na masika na kusubiri hadi mvua nyingine. Upepo wa Juni hadi Septemba unaweza kulinda maji yale. Kule Mufindi jambo hili limefanyika kwa udogo wake: Mwenga wana mtambo wa maji wa MW 4, na 2020 wakaongeza mashine tatu za upepo, MW 2.4 jumla, zishike kiangazi mto unapopungua. Ni mradi mdogo wa kuchekesha ukiuweka kando ya MW 50, ila ulijua unamsaidia nani na mwezi gani.

Ukurasa wa 61 ulikuwa wa mapato ya hewa ukaa. Niliuruka.

Ardhi, na swali la mkutanoni

Andiko lilitaka hekta 600. Mashine 12 pamoja na njia zake za ndani hazili hata hekta 30 za ardhi yenyewe. Kinachohitajika ni nafasi kati ya mashine na mashine, na hapo katikati ufuta unaweza kulimwa kama kawaida. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kuhamisha ardhi ya kijiji inayozidi hekta 250 kunapanda hadi kwa waziri, na isiyozidi hapo inaamuliwa na mkutano mkuu wa kijiji. Yaani walijitwisha safari ya Dodoma na hasira za kijiji kwa ardhi wasiyoihitaji. Nilipouliza kwa nini 600, nikaambiwa benki inapenda kuona dhamana.

Kwenye mkutano wa kijiji mama mmoja alisimama, akajifunga kanga vizuri kwanza, akauliza: "Huo umeme utashuka hapa au utapita juu?" Watu wakacheka, ila kila mmoja alielewa. Mwaka 2013 Mtwara iliwaka moto kwa swali hilohilo juu ya gesi. Afisa wa mradi alijibu kwa maneno mengi kuhusu pato la taifa. Mama akakaa. Jibu fupi lilikuwa "utapita juu," kwa sababu transfoma ya kijiji haikuwemo kwenye bajeti. Nilipoiingiza, haikusogeza gharama ya uniti hata sehemu ya kumi ya senti.

Kimbunga nacho. Kenneth iliingia nchi kavu Cabo Delgado Aprili 2019, ng'ambo ya Ruvuma, Mtwara ikiwa imeshaambiwa ihame. Hidaya ya Mei 2024 ilikata barabara ya Dar na Lindi pale Somanga. Na Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi yenyewe. Mashine zilizochaguliwa zilikuwa za daraja la tatu, za upepo mpole, zilizosanifiwa kwa kasi kubwa ya mita 37.5 kwa sekunde. Ni chaguo sahihi kwa wastani wa 6.3 na chaguo la wasiwasi kwa usiku mmoja wa miaka hamsini. Bima itakuuliza, na bei ya jibu haikuwemo.

Niliandika nini

Ripoti yangu ilikuwa kurasa 11. Nilisema mradi kwa umbo lake haufai kusainiwa, na nikaweka masharti ambayo yakitimia nitauandikia upya kwa mkono wangu: mnara ukae miaka miwili zaidi na vipimo vifike kimo cha mashine, ukubwa ushuke hadi MW 10, ambao ndio ukomo wa wazalishaji wadogo, mpaka njia ya Masasi iwake, na barua ya mnunuzi ipatikane kabla ya barua ya benki. Niliwaonya pia kwamba MW 10 itapandisha gharama ya kila kilowati, kwa kuwa winchi haiulizi inanyanyua mashine mbili au kumi na mbili. Kwenye rasimu niliweka aya moja juu ya Mpango wa Karanga wa Nachingwea, ule wa enzi ya Mwingereza, uliojengewa bandari na reli kabla ya kujulikana shamba litatoa nini, na reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye niliifuta. Mwenye fedha hapendi kusomewa historia.

Waliojibu walikuwa wawili kati ya watano. Mmoja ametoa hisa zake akafungua ghala la ufuta. Mwingine, yule aliyeniuliza kama nimetumwa, ndiye anayelipia mnara mpaka leo. Kila mwisho wa mwezi kijana wa pale kijijini anapanda kwenye kisanduku, anabadilisha kadi, anaituma kwa basi hadi Lindi mjini. Kadi ya Machi nimeifungua juzi. Kuna siku nne mfululizo ambazo upepo haukufika mita 3, kasi ambayo mashine haianzi hata kuzunguka. Nimemtumia mchoro, akajibu kwa neno moja: "Tuendelee." Nikamwambia aanze kunitafutia mkataba wa bei ya gesi.